Ubia wa Kubeti: Tuulize Kwanza Faida Inatoka Wapi



Jumapili moja baada ya Misa, katika kigango tunakokwenda kwa utume wa mwisho wa juma, mzee mmoja alituita pembeni chini ya mwembe. Tunamfahamu vizuri. Ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ana fremu mbili karibu na stendi. Moja ilikuwa duka la vifaa vya shule, nayo imekaa tupu tangu mpangaji ahame. Alitueleza kwamba kampuni moja ya kubeti kutoka nje ya nchi inatafuta mbia wa hapa. Yeye atoe fremu na kushughulikia vibali. Wao walete mfumo wa kompyuta, runinga za kuonyesha mechi na chapa yao. Kila mwezi atapata asilimia fulani ya mapato ya duka, pamoja na fungu kutoka kwa kila mteja atakayejisajili kucheza kwenye simu kupitia kwake. Kisha akamalizia: "Mafrateri, fedha ya miezi michache ya kwanza nataka niezekee kigango. Je, kuna dhambi?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muda tusome, tusali na tujadiliane. Tunalitoa jibu letu hapa, kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina, kwa sababu tumegundua kwamba swali lake si la mtu mmoja. Katika parokia zetu wapo wenye fremu, wapo mawakala, wapo vijana wa kompyuta wanaoajiriwa kutengeneza mifumo, na wapo wenye mitaji wanaoalikwa kununua hisa. Mahubiri mengi juu ya kubeti humwendea kijana anayecheza. Leo tunataka kusema na yule anayekaribishwa kuwa mbia.

Biashara isiyojua mipaka

Tuanze na mfano ambao wengi wetu tuliuona kwa macho. Mwaka 2014 ilianza nchini Kenya kampuni ya SportPesa, iliyoundwa kwa ubia wa wawekezaji wa Kenya na wa Bulgaria. Haikuchukua muda mrefu jina lake likavuka bahari. Mwaka 2016 lilikuwa kifuani mwa wachezaji wa Hull City ya Uingereza, na mwaka 2017 kifuani mwa Everton. Mwaka huohuo kampuni iliingia Tanzania na kudhamini Simba na Yanga. Tarehe 13 Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia katika Uwanja wa Taifa, ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Wayne Rooney alifunga bao kutoka mbali, Everton wakashinda 2 kwa 1, na nchi nzima ikasimulia. Mwaka 2019 jina hilo lilikuwa hata kwenye magari ya mashindano ya Formula 1.

Hatuandiki haya ili kuishtaki kampuni hiyo. Tunaandika kwa sababu historia yake inaonyesha jinsi ubia wa namna hii unavyopanuka, na jinsi unavyoweza kusinyaa ghafla. Katikati ya mwaka 2019 Serikali ya Kenya haikuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, SportPesa ikiwa mojawapo, kwa madai ya kodi ambayo kampuni iliyapinga. Namba za malipo kwa simu zikafungwa. Mwezi Agosti kampuni ikasitisha udhamini wake wa michezo nchini Kenya, na mwezi Septemba ikasimamisha shughuli zake huko. Mamia ya wafanyakazi walipoteza kazi. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini Kenya, zilibaki zikihangaika kulipa mishahara. Everton nao walimaliza mkataba wao mapema, mwaka 2020, kabla ya miaka mitano waliyokubaliana.

Wakati huohuo tazameni yanayotokea Ulaya. Mwaka 2018 Italia ilipitisha sheria ya kupiga marufuku matangazo ya kubeti. Aprili 2019 Uingereza ilishusha dau la juu la mashine zilizomo katika maduka ya kubeti kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mchezo mmoja, na miezi michache baadaye kampuni moja kubwa ilitangaza mpango wa kufunga maduka yapatayo 700. Mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuondoa majina ya kampuni za kubeti mbele ya jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/2026. Mlango ukibanwa upande mmoja, mfanyabiashara hutafuta upande ulio wazi. Nchi yenye vijana wengi, wenye simu mkononi na fedha ndani ya simu hiyo, wapenzi wa mpira wasio na ajira ya uhakika, ni soko ambalo kampuni yoyote ya kubeti italitamani. Mzee wetu chini ya mwembe alipelekewa karatasi ya mkataba kwa sababu hiyo.

Hesabu ya mkeka

Tulipokaa na karatasi ile, neno lililotusimamisha lilikuwa "mapato". Mapato ya duka la kubeti ni nini? Ni jumla ya madau yote yaliyowekwa, ukitoa zawadi zote zilizolipwa. Kwa maneno mengine, ni jumla ya kile ambacho wachezaji wote kwa pamoja wamepoteza. Hakuna kitu kingine ndani ya kapu hilo. Mbia anayepewa asilimia ya mapato anapewa asilimia ya hasara ya majirani zake.

Mtu atasema, "Lakini watu wanashinda, tumewaona." Ni kweli, wanashinda. Hata hivyo mchezo umepangwa ili wote kwa pamoja washindwe. Chukua jambo lenye uwezekano wa nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi juu. Malipo ya haki kwa dau la 1,000 yangekuwa 2,000. Kampuni ikilipa mara 1.90, mshindi anapata 1,900. Wawili wakiweka dau, mmoja kila upande, kampuni inapokea 2,000 na kulipa 1,900. Shilingi 100 zimebaki dukani, na kampuni haikuhitaji kujua lolote juu ya mpira.

Kijana wetu lakini habeti jambo moja. Anasuka mkeka wa mechi kumi. Kila mechi ikiwa na malipo ya 1.90, dau la 1,000 linamwahidi kama 613,000. Inaonekana ni neema. Ila uwezekano wa kupatia mechi kumi za nusu kwa nusu ni mara moja katika 1,024. Mchezo wa haki ungemlipa 1,024,000. Yaani mkeka unapokuwa mrefu, makato ya kampuni hayabaki pale pale: yanazidishwa kwa kila mechi, kutoka 5 kwa 100 hadi kufikia takriban 40 kwa 100. Mkeka ukichanika kwa timu moja, kijana anajilaumu kwa timu hiyo moja. Hajui kwamba hata ungetiki, alikuwa ameshapunjwa.

Kwenye simu mambo ni ya kasi zaidi. Mchezo ambao vijana wanauita kindege hutangazwa kurudisha 97 kwa kila 100. Tatu tu zinabaki! Lakini raundi moja huisha kwa sekunde chache. Anayeweka 1,000 mara 200 jioni moja amezungusha 200,000, na kwa wastani ameacha 6,000. Huo ni wastani. Mwingine ataacha 50,000, na mwingine ataondoka na faida leo ili airudishe kesho. Mpira una dakika 90 na una siku zake. Kindege hakilali, hakina msimu, na duka lake liko chini ya mto wa kulalia.

Kanisa linafundisha nini

Tusiseme zaidi ya Kanisa linavyosema. Kura yenyewe si uovu. Mitume walipiga kura, na ikamwangukia Matia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati na kuweka dau si kinyume cha haki kwa asili yake. Inageuka kuwa kitu kisichokubalika pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea. Inaonya pia kwamba tamaa ya mchezo inaweza kumfanya mtu mtumwa. Walimu wa maadili wa zamani waliweka masharti: fedha iwe ya mchezaji kweli wala si ya ada ya mtoto, awe huru, pasiwe na udanganyifu, na pawepo usawa wa kiasi fulani kati ya wanaocheza.

Basi tuulize kwa uaminifu: wateja wa duka la pembeni mwa stendi ni akina nani? Ni waendesha bodaboda wenye hesabu ya kupeleka kwa mwenye pikipiki jioni, ni wapiga debe, ni wanafunzi waliomaliza kidato cha nne wakisubiri majibu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kusimamia. Lakini sheria haiwezi kuangalia kama 2,000 ya kijana wa miaka 22 ni ya ziada au ni ya unga. Mwenye duka anaweza kuiona, kwa kuwa anawafahamu. Sharti la Katekisimu, ambalo kwa tajiri ni swali la mbali, kwa mteja wa hapa ni swali la kila siku.

Katika masomo yetu ya maadili tunajifunza kutofautisha namna za kushiriki katika jambo lenye madhara. Binti anayekaa dirishani kupokea madau ili amlishe mwanawe hatuwezi kumhesabu sawa na mwenye hisa. Mshahara wake haupandi wateja wakipoteza zaidi, naye huenda hana mlango mwingine. Tusimnyooshee kidole. Mbia yuko mahali pengine. Fungu lake linakua kadiri hasara inavyokua. Hapo nia yake na nia ya biashara vinakuwa kitu kimoja, hata kama moyoni ni mtu mwema.

Tumepata kipimo rahisi ambacho kila mfanyabiashara Mkristo anaweza kukitumia: je, ninaweza kumwombea mteja wangu afanikiwe bila kuiombea biashara yangu ife? Mama ntilie anaweza. Mteja akishiba na kupata nguvu, kesho anarudi. Fundi cherehani anaweza, muuza mbolea anaweza. Mkulima akivuna vizuri, atanunua tena. Mbia wa kubeti akiomba Mungu awajalie wateja wake wote washinde Jumamosi hii, Jumatatu hana duka. Biashara ambayo baraka ya jirani ni balaa kwako inahitaji kufikiriwa mara mbili kabla ya kutia sahihi. Mtakatifu Yohane Paulo II katika Centesimus Annus, waraka wake wa mwaka 1991, alikubali kwamba faida ina nafasi yake halali, lakini akakumbusha kwamba vitabu vya hesabu vinaweza kuwa safi huku watu wakidhalilishwa.

Hoja ambazo hatuwezi kuzipuuza

Mzee wetu si mtu wa kushindwa kirahisi. Alituletea hoja, nazo ni nzito.

Alisema: "Nisipochukua mimi, atachukua mwingine, na duka litafunguliwa palepale." Huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo ingehalalisha karibu kila kitu. Hatuulizwi na Mungu kama duka lilikuwepo. Tunaulizwa kama lilikuwa letu. Tena kuna tofauti kwa watu. Kijana wa jumuiya akiona duka la mgeni, anajua ni duka. Akiona ni la mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, anaona ruhusa.

Alisema: "Biashara hii inalipa kodi, inaajiri, inadhamini mpira." Ni kweli pia, wala hatudharau mpira, sisi wenyewe tunacheza kila Jumatano. Ila yaliyotokea Kenya mwaka 2019 yanatufundisha kwamba mchezo ukiegemea mdhamini wa namna hii, siku akiondoka unaanguka naye. Na kodi inayotoka katika mfuko wa anayepoteza imeshalipwa na maskini kabla ya kufika serikalini. Nchi jirani ya Uganda nayo inakusanya kodi hiyo, lakini Januari 2019 serikali yake ilitangaza kutotoa leseni mpya kwa kampuni za kubeti, ikitaja vijana kuwa sababu.

Hoja yake ya tatu ilituuma zaidi. "Mbona parokiani mnauza tiketi za bahati nasibu siku ya mavuno? Mbona mshindi wa jogoo anapigiwa vigelegele?" Tulinyamaza. Yapo ya kujibu: tiketi ile ni ndogo, ni mara moja kwa mwaka, zawadi inajulikana, kila mtu anajua fedha inakwenda kwenye ujenzi, na aliyekosa jogoo hajakosa chakula. Hata hivyo tunakiri kwamba tumezoea kuchangisha kwa kuamsha hamu ya kushinda, badala ya kulea moyo wa kutoa. Tukitaka kusema na wengine juu ya kubeti, tuangalie kwanza meza yetu ya mavuno. Tena tukiri zaidi: simu zimo hata katika nyumba za malezi, na mikeka haiogopi kanzu. Frateri anayejificha na kindege usiku atamsaidiaje mwenzake katika kitubio kesho?

Paa la kigango

Tunarudi kwenye paa. Kigango kile kina kuta na hakina bati. Mvua ya masika ikianza, watoto wa Komunyo ya kwanza hukaa kwenye benchi zilizolowa. Kumwambia mtu "usichukue" ukiwa chini ya paa la seminari ni rahisi. Kwa hiyo tunasema kwa unyenyekevu, lakini tunasema.

Katika Injili ya Luka yuko Zakayo. Tunapomfikiria tunakumbuka ufupi wake na mkuyu. Tusisahau kazi yake. Alikuwa mtu wa Yeriko aliyeshirikiana na utawala wa kigeni kukusanya fedha kutoka kwa watu wake mwenyewe, na fungu lake lilikua kadiri alivyokusanya. Alikuwa mbia. Yesu hakumkataa, alikwenda nyumbani kwake. Lakini tazameni mpangilio: Zakayo hakujitolea kukarabati sinagogi. Alitoa nusu ya mali kwa maskini, na akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Alitazama kwanza fedha ilikotoka, kwa wale walioipoteza.

Tunaamini hapo ndipo lilipo jibu la swali la mzee. Bati lililonunuliwa kwa asilimia ya hasara ya vijana wa stendi lingewakinga mvua wazazi wa vijana haohao, waliokwisha kulilipia bila kuulizwa. Kigango kizuri hakihitaji sadaka ya namna hiyo. Parokia nazo zisijifanye hazioni: tunapopokea bahasha nono kwa makofi bila kuuliza, tunamfundisha mwenye mali kwamba kutoa kunasafisha kupata.

Tufanye nini basi

Kwanza, kwa wenye fremu, mitaji na ujuzi wa kompyuta: kabla ya kusaini, ulizeni mapato yanahesabiwaje. Jibu likiwa ni madau ukitoa zawadi, mmeshajua mnauza nini. Nendeni mkaongee na paroko au muungamishi wenu mapema, wakati mlango wa kurudi bado uko wazi.

Pili, kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, WAWATA na VIWAWA: leteni hesabu ya mkeka kwenye kikao. Kijana aliyechoka kusikia neno "dhambi" ataitazama kwa makini hesabu ya 613,000 na 1,024,000. Na aliyekwisha kunaswa asimuliwe kwa siri jirani kwa jirani. Apewe mtu mmoja wa kutembea naye, na fedha yake ishikwe na anayemwamini mpaka apate nguvu.

Tatu, kwa jumuiya nzima: tukimwambia mtu aache fungu lililo mezani, tumsaidie kubeba gharama. Fremu tupu inamlia kodi ya jengo na ada ya watoto. Kikundi cha VICOBA hapo kigangoni kina akina mama wanne wanaoshona sare za shule na kufanyia kazi barazani, jua na mvua. Tumewakutanisha. Kodi waliyoweza kuahidi ni ndogo sana kuliko asilimia ya kampuni, na hatutaidanganya nafsi yetu kwamba zinalingana.

Mzee hajatupa neno la mwisho. Alisema karatasi ile bado iko kwenye kabati la mkewe, na kwamba wawakilishi wa kampuni watarudi mwishoni mwa mwezi. Sisi tumemwahidi vitu viwili: kwamba uamuzi wowote atakaochukua hautatufanya tumkwepe baada ya Misa, na kwamba Jumamosi ijayo tutafika na majembe kumalizia msingi wa sakristia. Msomaji uliye karibu, njoo na lako. Uliye mbali, mwombee, na umwombee kila anayesoma mkataba wa namna hiyo usiku huu akiwa na ada ya watoto kichwani.

Zakayo alishuka upesi kutoka mtini. Wengine wetu hushuka polepole, tawi kwa tawi. La maana ni kushuka.